Sura ya Ami Seif kwa Maji ya Chumvi

Siku ya khitma ya Shangazi Zuhura, nyumbani kwa binti yake Nadhira huko Mawaleh, Maskati, vijana walikaa kwenye zulia wakipitishiana picha kwenye simu. Kila mmoja ana Shangazi wake humo: huyu anaye anakata keki, yule anaye anamgombeza fundi wa feni, mwengine anaye amelala mdomo wazi, na wote wanacheka na kulia kwa pamoja. Mie nilikuwa kwenye kiti changu, magoti yananipwita, kikombe cha kahawa mkononi, na nimejikaza tangu asubuhi. Nadhira akaja akaniinamia. "Da Rukia, mama kakuwachia kitu. Lakini usije ukacheka." Akanipa bahasha ya kaki iliyoandikwa jina langu kwa herufi za Kiarabu, khati ile ile ya Shangazi iliyolalia upande. Ndani mlikuwa na karatasi moja tu, ndogo kiasi cha kadi ya posta, tupu. Haina neno mbele wala nyuma. "Tulitaka kuitupa," akasema Nadhira, "tukadhani kasahau kutia barua." Nikaigeuza, nikainusa, kisha nikailamba pembeni. Nadhira akanitolea macho. "Bado ina chumvi," nikamwambia, na hapo hapo nikaangua kilio mbele ya watu wote, mie niliyewakataza wenzangu kulia kwa sauti.

Basi ngoja niseme, maana nisiposema mie hakuna mwengine wa kusema. Nazungumzia mwaka wa sitini na sita, nna miaka kumi na sita, na tumeshakaa Maskati muda wa kutosha kujua kwamba haturudi Unguja. Nani kazaliwa na nani, tulikuja kwa njia gani, hayo nawaachia wanaopenda kuhadithia hayo. Mie nnakumbuka nyumba. Nyumba nyembamba ya orofa mbili ndani ya ukuta wa mji, ua wa mawe katikati, kisima uani, na chini ya ngazi stoo isiyo na dirisha inayonuka tende na samaki wa ng'onda. Nnakumbuka njaa yangu pia, si njaa ya chakula, kula tulikula. Kwetu nilikuwa nikienda skuli na daftari zangu nimezifunika karatasi ya kaki. Hapa skuli ya wasichana haikuwapo. Ukimaliza kufagia na kusuuza vyombo, siku imekwisha na jua bado liko juu, unajikuta unasoma maandishi ya makopo ya maziwa. Nilisoma makopo yote ya nyumba ile, wallahi, mpaka nikayajua kwa moyo.

Tulikuwa wanawake watatu katika kisa hiki. Mie, Shangazi Zuhura, ambaye wakati huo alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, hajaolewa tena wala kumzaa Nadhira, mrefu, mwenye ulimi, asiyejua kutembea polepole, na Bibi, mama yake Shangazi. Macho ya Bibi yalikuwa yanakufa. Daktari aliyemwona alisema presha imekula mshipa wa jicho, na hakuna kisu wala dawa ya kuurejesha. Nilimsikia Shangazi akimweleza Bi. Moza, jirani yetu, mlangoni, anadhani mie niko juu: "Anasema Ramadhani haitamkuta na nuru. Saa hizi anaona kitundu tu cha katikati, tena mpaka awe juani. Ndani haoni kitu." Bi. Moza akasema masikini, masikini. Shangazi akasema, "Mwenyewe halii macho. Anamlilia Seif. Anasema, kama nitafungwa macho basi nifungwe nimeshamwona mwanangu."

Ami Seif alikuwa kitindamimba wa Bibi. Alibaki Unguja, na barua iliyotujia kutuambia kwamba hayupo tena ilikuwa na mistari mitatu. Uhai wake alikuwa na wazimu wa picha. Mshahara wake wote ulikwenda kwenye mashine na dawa zake. Siku ya kuondoka Bibi alichukua sanduku la Seif badala ya la nguo zake mwenyewe, akiamini limejaa picha. Tulipolifungua Maskati mlikuwa na shuka, vitabu vya Kizungu, na bahasha yenye negetivu moja kubwa. Picha hata moja hamna. Negetivu mnaijua? Kila cheupe ni cheusi, na kila cheusi ni cheupe. Bibi alipelekewa juani, akatazama, akaisukuma. "Huyu si Seif. Huyu meno meusi, macho meupe, mnaniletea maiti!" Toka siku ile hakuna aliyethubutu kuitoa tena. Studio mjini haikuwapo, na Shangazi hakukubali kuipeleka Bombay kwa meli. "Ikipotea njiani, tumemzika mara ya pili," akasema.

Mie nilivizia vitabu. Siku moja, najificha joto ndani ya stoo na kandili, nikafungua kimoja kisicho na jalada, na maisha yangu yakageuka hapo. Kilikuwa kimekusanya habari za mwanzo kabisa zilizochapishwa juu ya picha, zile zilizoandikwa wakati wenyewe, zaidi ya miaka mia nyuma, kabla watu hawajajua hata waiteje kazi hii. Mfaransa mmoja anatangazwa katika magazeti kwamba amelifanya jua lichore, lakini hasemi kalifanyaje. Mwingereza mmoja anasoma habari hiyo anaruka, maana yeye naye kafanya yake miaka kimya kimya nyumbani, na sasa anaona mwenzake atampiku. Mbio! Anaandika, anasoma mbele ya wataalamu, anachapisha kila kitu na vipimo vyake. Wengine wanaandika magazetini kwamba ni uongo, kwamba haiwezekani, na wengine wanasema wamekwisha jaribu jikoni kwao na imewezekana. Nilikuwa nasoma moyo unanienda mbio. Watu wazima, na ndevu zao, wanaandika kwa furaha ya mtoto aliyepewa sikukuu! Na ule mpango wa Mwingereza, nikasoma mara tatu kuhakikisha macho hayanidanganyi, haukutaka mashine wala duka. Ulitaka karatasi nzuri ya kuandikia, chumvi ya chakula, fedha iliyoyeyushwa, na jua.

Nikatoka mbio mpaka jikoni. Shangazi alikuwa anakaanga samaki waliotoka kijiji cha Yiti, moshi umemjaa usoni.

"Shangazi! Tunaweza kumtoa Ami Seif!"

"Kumtoa wapi, we mtoto? Jua limekupiga?"

"Kwenye negetivu. Unachovya karatasi chumvi, unapaka fedha, unaweka negetivu juu yake, unatia juani. Cheusi kinazuia jua, cheupe kinapitisha. Inageuka! Meno yatakuwa meupe!"

Alinitazama, mwiko mkononi, mpaka samaki wakaanza kuungua. Akasema, "Nisomee." Nikamsomea hapo hapo jikoni, Kiingereza nakigeuza Kiswahili papo kwa papo, na pale nisipojua neno narukia. Alinisimamisha kila mstari. Chumvi kiasi gani? Karatasi ya barua itafaa? Ile ya kuandikia Bombay ni nzito. Na fedha tunaipata wapi? Kisha akautazama mkono wake wa kushoto. Alikuwa na kekee, bangili pana ya fedha aliyovishwa na Bibi siku ya harusi yake, kitu pekee cha thamani alichotoka nacho. Tulikula samaki walioungua siku hiyo, na Bibi akasema upishi wa nyumba hii unakwenda na maji.

Sonara wa mtaa wa pili, Mzee Khalfan, aliwahi kukaa Tanga, Kiswahili chake kikavu na hasira zake karibu. Shangazi akamwekea kekee mezani. "Nataka uiyeyushe kwa tindikali yako, kisha unipe maji yake."

"Maji? La haula! Watu huja nifanye bangili, wewe unataka nifanye maji? Mnakunywa?"

"Tutamtolea mtu sura."

"Uchawi siutii dukani kwangu, bibie."

Shangazi alimwambia habari yote, ya Bibi, ya macho, ya Seif, bila ya kumwomba huruma, anasema kama anayetoa ushahidi. Mzee Khalfan akaipapasa kekee, akasema fedha hii ina shaba ndani, akiyeyusha hivi hivi maji yatakuwa kijani. Itabidi kwanza aisafishe. Njooni Jumatatu. Jumatatu akatupa chupa nyeusi ya dawa iliyofungwa kitambaa, na onyo moja: "Yakikupata mkononi yatakuchora." Hakutaka ujira. Shangazi alirudi nyumbani anautikisa mkono mtupu, anacheka kwamba ghafla umekuwa mwepesi, na mie nikamwona mara mbili anashika pale palipokuwa na kekee.

Wiki ya kwanza tulishindwa, tena kushindwa kubaya. Ndani ya stoo, mlango umefungwa, kandili imefunikwa kitambaa chekundu, tulichovya karatasi kwenye maji ya chumvi, tukazikausha, tukapaka fedha kwa pamba, tukakausha tena. Tukabana kipande na negetivu chini ya kioo cha dirisha, tukapanda juu ya dari, jua la Maskati la saa sita linalochoma miguu hata ndani ya viatu. Tukangoja. Karatasi ikabaki nyeupe. Saa nzima, nyeupe. Tukatia chumvi zaidi, nyeupe zaidi! Kilichokuwa kinageuka rangi ni sisi. Vidole vyetu vilipiga weusi mpaka kwenye kiungo cha pili, hauondoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Bi. Moza akaniona naanika nguo, akanikamata mkono. Kwetu msichana asiyeolewa hapaki piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba. Piko ya vidoleni ni ya bibi harusi. "Alaa! Umeolewa lini wewe, na sisi jirani zako hatukuambiwa?" Mchana ule ule mtaa mzima ukajua kwamba Rukia kaozwa kimya kimya, na wanawake wawili wakaja na halua kupongeza na kulaumu kwa wakati mmoja. Shangazi akawaonesha mikono yake mwenyewe. "Na mie je, mjane, nimeolewa na nani? Na yule yule bwana wake?" Wakaondoka wamekasirika, halua wakaiacha, tukaila.

Lakini Shangazi alipokuwa peke yake alianza kukata tamaa. Nilimkuta amekaa kwenye gunia la mchele, chupa mkononi, imebaki chini ya nusu. "Nimeyeyusha zawadi ya mama yangu, Rukia," akasema. "Na Shaabani ndiyo hiyo imeshaingia." Nikaingiwa na khofu, maana ni mie niliyekuja mbio jikoni na kitabu. Nikakaa nacho upya, neno kwa neno, hata yale niliyoyarukia. Na humo ndani, mahali nilipopaona hapana maana, Mwingereza anaeleza kwamba chumvi kidogo ndiyo inayoipa karatasi macho, na chumvi nyingi inaipofua. Chumvi nyingi inaipofua! Lakini mara ya kwanza tulitia kijiko kimoja tu, na ikabaki nyeupe vile vile. Nikatoka uani kunawa uso niendelee kufikiri, nikateka maji kisimani, yakaniingia mdomoni.

Jamani, ujinga wetu! Nani aliyezaliwa Maskati angekosea vile? Kila nyumba ya mji ule ina maji mawili: ya kisima, ya chumvi, ya kufulia na kuoshea, na ya kunywa, matamu, yanayokuja na punda kwenye madebe na kutiwa mtungini. Lakini sisi vichwa vyetu vilikuwa bado Unguja, ambako maji ni maji, unafungua bomba, ukitaka ya chumvi unatia chumvi. Tulikuwa tunaogopa kuharibu maji ya kunywa, tunateka kisimani maji yaliyokwisha kuwa ya chumvi, halafu tunaongeza kijiko! Nilipiga kelele mpaka njiwa wakaruka. Shangazi akatoka mbio na kisu, anadhani nyoka. Nilimwonjesha maji ya kisima, kisha ya mtungi. Akayatema, akanitazama, akakaa chini kwenye mawe akacheka mpaka machozi.

Kesho yake, kwa maji ya mtungi, karatasi ikaanza kubadilika kabla hatujaweka kioo sawasawa. Juu ya dari tulikaa tumeipindia migongo yetu kuizunguka, hatupumui. Pembezoni ikawa zambarau, kisha kahawia, kisha rangi ya hina iliyoiva. Tukaingia nayo stooni, nikaondoa negetivu, na chini ya mwanga wa kandili akawapo. Ami Seif. Kofia imeinama upande, bega limeegemea dirisha, anacheka na meno meupe, meupe! Shangazi alijiziba mdomo kwa kanga. "Mdogo wangu," akasema, ananipiga piga mgongoni, na mie nalia na kucheka. Ikabaki shida moja. Ukimpeleka juani vile alivyo, jua litaendelea kuchora mpaka limfunike lote. Na Bibi haoni ila juani. Hapo ndipo nilipolitambua kosa letu kuwa ni dawa. Chumvi nyingi inapofua karatasi! Tukateka maji ya kisima, yale yale tuliyoyatukana, tukayatia chumvi kwa konzi, tukamzamisha Seif ndani ya besheni na kumwacha humo.

Tulimkalisha Bibi uani kwenye kigoda, jua la Adhuhuri kamili, tukamtia karatasi mikononi. Akaisogeza huku na huku akitafuta kile kitundu chake cha kuonea. Uso wake ulikuwa umekunjamana. Kisha ukakunjuka. Hakupiga kelele, hakulia. Alikileta kidole chake mpaka kifuani kwa Seif, kwenye shati, akakigonga. "Kifungo hiki nilimwambia anipe nimshonee," akasema. "Nilimwambia, we Seif, utapigaje picha na kifungo hakipo? Akasema, mama, nani atakiona." Mie na Shangazi tukainama. Picha tumeitazama asubuhi nzima na pengo la kifungo kile hatujaliona, na kweli hakikuwapo. Bibi alikaa naye mpaka Alasiri, anazungumza naye, anamuuliza kala nini, anamgombeza kofia. Shangazi alimwomba airejeshe ndani, maana hata na chumvi jua lilikuwa linamla kidogo kidogo. "Mwache amalizike na mimi," Bibi akajibu. "Si mtafanya mwengine kesho?"

Tulifanya. Kila siku mwengine, wiki mbili na zaidi, Ami Seif anatoka upya baada ya Adhuhuri, mara kahawia, mara mwekundu mwekundu, mara nusu uso. Sijapata kuwa na furaha ya namna ile tena, nasema wazi, hata siku nilipoingia darasani kwa mara ya kwanza nikiwa mwalimu wa kemia. Nilikuwa naamka na vipimo kichwani. Nilijua saa ya jua kwa rangi ya ukuta. Karatasi zile mbovu za mwanzo, zilizokataa kupiga weusi, nilizikata nikazitumia kumlazia Seif juu yake akiwa bado ameloa.

Siku ya mwisho ya Shaabani nilitoka stooni mbio, nimechelewa, nimeshika mbili pamoja, nikamtia Bibi moja mkononi. Nilipotazama ile iliyobaki kwangu, Seif alikuwa kwangu. Bibi nilimpa ile mbovu, nyeupe tupu. Nikafungua mdomo kusema. Bibi alikuwa ameshaielekeza juani, anaisogeza kushoto, anaisogeza kulia, taratibu, kama siku zote. Akaituliza, akatabasamu.

"Leo kacheka zaidi," akasema.

Shangazi alikuwa hatua mbili nyuma yangu, anachagua mchele, kichwa kimeinama kwenye ungo. "Eeh, mama," akasema bila ya kuinua uso, "kacheka kweli leo." Nikashukuru Mungu kwamba Shangazi hakuiona. Nikaipokea karatasi, nikaitia kitabuni, nikafunga mdomo wangu. Jioni ukaandama mwezi wa Ramadhani. Kesho yake nilipokwenda kuchukua chupa, Bibi akaniita. "Pumzika sasa, mjukuu wangu. Mikono yako imekuwa myeusi kwa ajili yangu. Seif nimemshiba." Baada ya siku chache niliitafuta ile karatasi nyeupe kitabuni niitupe, nisiione. Nikadhani imeanguka. Na tangu hapo, maisha yangu yote, nimeibeba siri ile nikijua ni ya watu wawili, mie na Bibi, na Bibi akatangulia.

Basi Nadhira alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti changu, amenisikiliza mpaka mwisho, na wale vijana wameweka simu chini. Shangazi mwenye ulimi, asiyejua kunyamaza, alinyamaza kuliko sisi sote. Aliona, akaichukua, akaitunza humo gizani mpaka alipokufa. Nikampa Nadhira karatasi. Akainuka nayo mpaka dirishani, penye jua, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia.

"Unamwona mjomba wako?" nikamuuliza.

Akaisogeza karibu na jicho.

"Namwona, Da Rukia," akasema. "Kifungo hana."